Jokofu Kubwa Katika Tela la Nyuzi za Kioo: Somo la Joto, Hewa na Mwinuko wa Oldeani

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hupita Rhotia na Karatu, kisha huendelea hadi lango la Lodoare, mahali lami inapokoma. Kabla ya kufika langoni, penye kijiji cha Njia Panda, huchepuka njia iendayo Oldeani na Mang'ola. Katika safari hiyo fupi msafiri hutoka mwinuko wa meta 1,000 hivi na kufika meta 1,500 na zaidi. Naye akiendelea mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro huwa amefika kiasi cha meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hupungua, usiku huwa wa baridi kali, na hewa huwa nyepesi. Mambo hayo matatu, pamoja na vumbi jekundu la njia za udongo, ndiyo yatakayoamua iwapo jokofu lililobebwa ndani ya tela litafanya kazi au la.

Tela linalozungumzwa hapa ni lile la kulala wasafiri, ambalo ganda lake limefanywa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa utomvu wa poliesta. Ganda hilo hutolewa katika kalibu kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, navyo huunganishwa kiunoni kama maganda mawili ya yai. Mfano ujulikanao sana ni tela la Boler, lililobuniwa na Ray Olecko mjini Winnipeg, Kanada, mwaka 1968. Urefu wake ni meta 4 hivi, na uzito wake ni mdogo hata gari la kawaida huweza kulivuta. Matela ya namna hiyo aghalabu huwa na sanduku la barafu tu, au jokofu dogo lisilotosha nyama na maziwa ya watu wanne kwa siku tatu. Tena kuna msafiri mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye akiba yake ya insulini hapana budi iwekwe kati ya digrii 2 na 8 za Sentigredi bila kugandishwa. Kwa hiyo haja ya jokofu kubwa zaidi si ya anasa wakati wote.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kazi yenyewe ni ya useremala: kupima jokofu jipya, kukata kabati la zamani, kulisukuma ndani na kufunga skrubu. Fundi aliyefanya hivyo huona jokofu likipoa vizuri usiku wa kwanza, na kesho yake saa nane mchana maziwa yameganda mgando wa kuchacha. Jokofu si mtambo wa kutengeneza ubaridi. Ni mtambo wa kuhamisha joto kutoka ndani ya sanduku na kulitupa nje ya sanduku. Ikiwa hapana pa kulitupa, kazi husimama.

Mizani ya joto

Na lichukuliwe jokofu lenye umbo la mchemraba na ujazo wa lita 60. Kila upande wake ni sentimeta 39 hivi, na eneo la nyuso zake zote sita ni kama meta za mraba 0.92. Iwapo kuta zake zina povu la plastiki lenye unene wa sentimeta 3, na ndani kuna digrii 5 wakati nje ni digrii 25, joto lipenyalo ndani kupitia kuta ni wati 15 hivi. Sasa lichukuliwe jokofu la lita 120 lenye kuta za unene uleule. Ujazo umeongezeka mara mbili, lakini eneo la nyuso ni meta za mraba 1.46, na joto lipenyalo ni wati 24. Yaani mzigo wa joto umeongezeka kwa mara 1.6 tu. Jambo hili ni la kutia moyo: jokofu kubwa hutunza ubaridi vizuri zaidi kuliko majokofu mawili madogo. Na kama kuta zingekuwa na unene wa sentimeta 5 badala ya 3, mzigo ungeshuka hadi wati 15 au chini yake, sawa na ule wa jokofu dogo la awali. Ajali ya hesabu hii ni kwamba wanunuzi wengi hupima ujazo na bei, wala hawaulizi unene wa ukuta.

Wati 24 ni joto dogo. Taa ya kuandikia ya zamani ilitoa zaidi ya hapo. Lakini njia ya kulitoa ndiyo hutofautiana sana. Jokofu la kompresa, litumialo umeme wa betri, huweza kuhamisha wati 24 kwa kutumia wati 20 hivi za umeme. Mgongo wake basi unatupa nje jumla ya wati 44. Jokofu la ufyonzaji, lile litumialo moto wa gesi au wa mafuta ya taa, huhitaji kiasi cha wati 120 za moto ili kuhamisha wati zilezile 24, na mgongo wake hutupa wati 144. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu kabati lililotosha jokofu moja huweza kulinyonga jingine la ukubwa uleule.

Moto ufanyao baridi

Wengi hustaajabu kuwa moto waweza kuleta baridi. Siri hiyo ilifumbuliwa kwa namna iliyo rahisi kutumika majumbani na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Kampuni ya Electrolux ikaanza kuyauza majokofu hayo mwaka 1925. Katika mashamba, misheni na zahanati za Afrika Mashariki ambako nyaya za umeme hazikufika, majokofu ya mafuta ya taa ya namna hiyo yalitumika kwa miaka mingi.

Ndani ya mabomba yake yaliyolehemiwa yakafungwa kabisa mna vitu vitatu: maji, amonia na haidrojeni. Moto huchemsha maji yenye amonia, na mvuke wa amonia hupanda juu. Penye mapezi ya mgongoni mvuke huo hupoa na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho huteremka hadi ndani ya sanduku, mahali penye haidrojeni, na hapo hugeuka mvuke tena kwa wepesi, kwa sababu haidrojeni imeshika sehemu kubwa ya mgandamizo na kuiachia amonia sehemu ndogo. Amonia inapogeuka mvuke hunyonya joto la chakula. Baadaye maji huifyonza amonia, na safari huanza upya. Hakuna pampu wala injini. Vyote huendeshwa na tofauti ya uzito na mvutano wa ardhi.

Kwa sababu hiyo jokofu hili hupenda kusimama wima. Likiinama sana, kimiminika hukwama katika mabomba, chombo cha kuchemshia hubaki kikavu, nacho huungua. Uharibifu huo haurekebishiki kwa nyundo wala kwa gesi mpya. Kwa kawaida mwinamo wa kushoto na kulia usizidi digrii 3, ambazo ni sentimeta 5 kwa kila meta 1 ya upana. Katika miteremko ya Oldeani, ambako hata uwanja uonekanao tambarare una mwinamo wake, pima maji ya mwashi ni chombo cha lazima ndani ya tela. Sahani ya maji juu ya sakafu ya jokofu hufaa pia. Pakionekana unga wa manjano mgongoni, au harufu kali ya amonia, jokofu limekwisha na linapaswa kutolewa nje mara moja. Unga huo ni kemikali ya kuzuia kutu, nayo ni sumu. Usiguswe kwa mikono mitupu.

Njia ya hewa

Sasa yafaa ihesabiwe hewa. Ili kuchukua wati 144 huku hewa ikiongezeka joto kwa digrii 10, yahitajika lita 12 za hewa kila sekunde huko pwani. Karatu, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, zahitajika lita 14. Hewa hiyo haisukumwi na kitu ila wepesi wake yenyewe: hupata joto, hupanda, hutoka juu, na nyingine baridi huingia chini. Katika nafasi yenye kimo cha meta 1 mwendo wake hauzidi sana sentimeta 40 kwa sekunde. Kwa hiyo tundu la chini na tundu la juu kila moja liwe na uwazi wa sentimeta za mraba 360 hivi, yaani kama sentimeta 18 kwa 20. Huo ni uwazi mtupu. Tundu likiwekwa vibao vya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia nyigu, nusu ya uwazi hupotea, na ukubwa wa tundu hapana budi uongezwe mara mbili.

Tundu la juu liwe juu kabisa ya mapezi, wala si katikati yake. Hewa moto ikikuta dari ya plaiwudi juu ya mapezi hutuama hapo kama moshi katika jiko lisilo na dohani. Joto lirudilo ndani kupitia ukuta wa nyuma si kubwa, pengine wati 4 tu. Hasara kubwa ni kwamba amonia hukosa mahali pa kupoa, haiwi kimiminika, na jokofu huendelea kula gesi usiku kucha pasipo kupoza kitu. Pia nafasi ya nyuma isiwe pana mno. Ikizidi sentimeta chache, hewa hupita mbali na mapezi, na kipande cha bati chembamba kitahitajika ili kuielekeza.

Lipo jaribio jepesi lisilohitaji chombo cha maabara. Jokofu likiwa limewashwa kwa saa tatu na upepo umetulia, udi uliowashwa ushikwe mbele ya tundu la chini. Moshi wake ukivutwa ndani na kuonekana ukitoka tundu la juu, njia ni safi. Ukisitasita au ukirudi nje, pana kizuizi. Jaribio lifanywe kutoka nje ya tela, na mtungi wa gesi ukiwa umehakikishwa kuwa hauvuji, kwa kupaka viungo vyake povu la sabuni.

Vumbi la Karatu ni habari nyingine. Tela linapovutwa, hewa ya nyuma na ya ubavuni huzunguka na kufyonza vumbi kupitia kila upenyo, na udongo mwekundu wa volkano ni laini kama unga. Safari chache za Njia Panda hadi Mang'ola zatosha kuyavika mapezi blanketi. Matundu yafunikwe wakati wa mwendo, na kwa kuwa yamefunikwa, moto uwe umezimwa. Hata pasipo vumbi, haifai tela livutwe huku moto wa jokofu ukiwaka, na kuingia nao katika kituo cha petroli ni kutafuta maafa. Chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zikiwekwa ndani kabla ya kuondoka, hutunza baridi kwa mwendo wa saa kadhaa.

Hatari isiyo na harufu

Ndani ya tela lenye meta za ujazo 10 au 12 za hewa, watu hulala wakiwa wamefunga madirisha kwa sababu ya baridi ya mwezi Juni na Julai. Moto wa jokofu ukivuta hewa ya chumba na kutoa moshi wake chumbani, jokofu kubwa huleta hatari kubwa zaidi kuliko lile dogo lililotangulia, maana moto wake ni mkubwa. Gesi ikiungua kwa ukamilifu hutoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu aliyelala haamki akikohoa kama penye moshi wa kuni. Huumwa kichwa, hulegea, na aghalabu haamki kabisa.

Mwinuko huongeza hatari hiyo. Kichomeo kilichorekebishwa pwani hupokea gesi ileile huko ukingoni mwa Ngorongoro, ila hewa inayovutwa ni asilimia 76 tu ya uzito wake wa pwani. Mwali ambao ulikuwa wa buluu huanza kuwa na ncha za manjano, na masizi hujenga katika bomba la moshi. Mwali wa manjano usivumiliwe. Kichomeo kisafishwe, tundu lake dogo lioshwe kwa spiriti bila kuchokolewa kwa waya, kwa kuwa waya hulipanua, na bomba la moshi lipigwe brashi. Zaidi ya hayo, chumba cha nyuma ya jokofu kitengwe kabisa na chumba cha kulala. Kila upenyo kati ya jokofu na kabati uzibwe kwa kitu kisichoshika moto, ili kichomeo kivute hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje. Kengele ndogo ya betri igunduayo kaboni monoksaidi ni chombo cha bei nafuu kuliko jokofu lolote. Ifungwe karibu na vitanda. Fundi anayekabidhi kazi bila kuhakikisha mambo hayo mawili hajamaliza kazi, hata kama jokofu linagandisha barafu.

Kukata ganda

Ganda la nyuzi za kioo hupata nguvu kutokana na mviringo wake. Lakini katika matela mengi madogo, kabati la nguo na kabati la jikoni pia ni nguzo: zimegandishwa ukutani na zinabeba dari. Akiondoa kabati ili jokofu refu lipate kuingia, fundi huona baada ya miezi michache dari imebonyea na mlango haufungi. Kabla ya kukata, dari itegemezwe kwa mti kutoka sakafuni. Baada ya kukata, nguzo mpya ya plaiwudi au ya alumini iwekwe kila upande wa jokofu, nayo igandishwe juu na chini. Na kabla ya yote hayo upimwe upana wa mlango. Si ajabu kuona jokofu jipya limesimama nje ya tela huku watu wakitazamana.

Kona za tundu zisiwe kali. Ufa huanzia konani, kwa kuwa hapo mkazo hukusanyika. Ndege za Comet za Uingereza, zilizopasuka angani mwaka 1954, ziliwafundisha wahandisi somo hilo kwa gharama ya roho za watu, maana nyufa zilianzia kwenye matundu yaliyokatwa katika mwili wa ndege. Katika tela, kila kona ya tundu itobolewe kwanza kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 4 hivi, kisha msumeno uunganishe duara hizo. Njia iliyojikunja kama bati hutikisa ganda mara nyingi kwa kila dakika, na ufa mdogo hauna subira.

Ukingo wa tundu uimarishwe kwa ndani. Sehemu ya sentimeta 10 kuzunguka tundu ikwanguliwe kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, ifutwe kwa asetoni, kisha zibandikwe tabaka tatu za mkeka wa nyuzi za kioo zilizoloweshwa utomvu. Kigumishi huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa utomvu. Asubuhi za Julai huko Oldeani zina baridi ambayo utomvu hauipendi. Chini ya digrii 15 hukawia mno kukauka, na fundi mwenye haraka huongeza kigumishi hadi kazi ikapasuka. Ni heri kungoja jua la mchana. Kama utomvu umeuzwa bila kichapuzi cha kobalti, kichapuzi na kigumishi kamwe visichanganywe pamoja moja kwa moja, kwani huweza kulipuka. Kimoja kikorogwe kwanza ndani ya utomvu mpaka kienee, ndipo cha pili kifuate. Vumbi la kukata nyuzi za kioo huingia mapafuni na ngozini, kwa hiyo barakoa, miwani na mikono mirefu si mapambo.

Uzito na mteremko

Jokofu la lita 120 likijazwa huzidi lile dogo kwa kilogramu 40 au zaidi. Iwapo umbali kati ya kifungio cha tela na ekseli ni meta 3, na jokofu limewekwa meta 1.5 nyuma ya ekseli, basi uzito juu ya kifungio hupungua kwa kilogramu 20. Tela la kilogramu 600 lililokuwa likikandamiza kifungio kwa kilogramu 60, ambazo ni asilimia 10, sasa lina uzito wa kilogramu 640 na kukandamiza kwa kilogramu 40, yaani asilimia 6 tu. Kwenye tambarare dereva huenda asihisi kitu. Katika mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu, tela la namna hiyo huanza kuyumba mkia, na kuyumba huko huongezeka kadiri mwendo unavyozidi. Mahali pa jokofu kubwa ni juu ya ekseli au mbele yake kidogo, lifungwe kwa bolti hadi kwenye chuma cha fremu, si kwenye plaiwudi pekee. Mtungi wa gesi na betri, vikiwekwa mbele, husaidia kurudisha mizani.

Ni jokofu la namna gani basi lifaalo? Kwa tela lisafirilo kila siku kati ya Karatu, Oldeani na Mang'ola, la kompresa ndilo bora. Halijali mwinamo mdogo, halina moto, na mgongo wake hutaka theluthi moja tu ya hewa. Kwa siku moja hutumia kama saa-wati 600, pamoja na milango kufunguliwa na chakula kipya kuingizwa, ambazo ni saa-ampea 50 katika betri ya volti 12. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo akiba yake ni ya siku moja. Paneli ya jua ya wati 200 huirudisha betri hiyo kwa urahisi siku ya jua, lakini ukungu unapoufunika mlima Oldeani asubuhi nzima, mapato yake huenda yakawa nusu au pungufu. Kwa tela litakaloegeshwa mahali pamoja kwa majuma mengi chini ya miti, gesi bado ina hoja yake: matumizi ya wati 120 ni kama kilogramu 0.23 kwa siku, na mtungi wa kilogramu 6 waweza kudumu karibu wiki nne. Chanjo za zahanati zisiwekwe katika jokofu la namna yoyote kati ya hizo lililogeuzwa na fundi. Zina majokofu yake maalumu yaliyopimwa kwa kazi hiyo.

Kazi ikiisha, vipimajoto viwili viwekwe, kimoja katikati ya sanduku ndani ya bilauri ya maji, kingine juu ya mapezi ya nyuma, na visomwe saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa siku tatu. Kipimajoto cha nyuma kikizidi joto la hewa ya nje kwa digrii 10 hadi 15, matundu yanatosha. Kikizidi kwa digrii 25, msumeno urudishwe kazini kabla ya nyama kununuliwa. Alfajiri ndipo kile cha ndani kitazamwe kwa makini zaidi, hasa na mwenye insulini: usiku wa Oldeani ukishuka, jokofu lililorekebishwa kwa ajili ya mchana huweza kufika chini ya digrii 0, na insulini iliyoganda huwa imeharibika hata ikiyeyuka tena.